Jembe la Mzee Lutema

Ninyi mnaoanza kazi ya ualimu, na ninyi wadogo zao mlioko kwenye madawati mkinakili mpaka vidole vinakufa ganzi, nina hasira. Nasema mapema ili asitokee mtu wa kudai kwamba bibi huyu alianza vizuri kisha akachafukwa njiani. Hapana. Nimeanza nikiwa nimechafukwa.

Mjukuu wangu Shija alikuja Masumbwe likizo. Anasoma kidato cha kwanza Geita mjini, anakaa na baba yake kule Kalangalala. Nikamwomba daftari la Kiingereza, maana mwalimu akistaafu hubaki na njaa ya madaftari kama mlevi aliyekatazwa pombe. Ukurasa wa nne nikakuta orodha ya maneno hamsini na manne, yamepangwa kwa namba: above, across, along, hadi mwisho. Chini yake sentensi za mfano. Ya kumi na tisa inasema, "The hoe is behind Mzee Lutema's door." Yaani jembe liko nyuma ya mlango wa Mzee Lutema.

Nikamwuliza Shija huyo Mzee Lutema ni nani. Akasema, "Simjui, Bibi. Ni wa kwenye notisi."

Mzee Lutema alikuwa mlinzi wa shule yangu ya kwanza, Ushirombo. Alishafariki siku nyingi. Sentensi ile niliitunga mimi, na orodha ile niliiandika mimi kwa mkono huu huu. Tena niliichoma moto mbele ya shahidi, nikamwahidi shahidi huyo kwamba hakuna mtoto atakayeinakili tena. Sasa iko kwenye daftari la damu yangu, imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, pembeni mwalimu ameandika "Good". Ndiyo maana sikulala vizuri wiki nzima, na ndiyo maana naandika haya.

Ngoja kwanza niwaeleze kosa lenyewe, kwa sababu wengi wenu mtalifanya kesho asubuhi.

Nilifika Ushirombo nikiwa na cheti kipya na kiburi kipya. Nilijua majina ya aina zote za maneno ya Kiingereza. Maneno madogo yanayoonyesha mahali na mwelekeo niliyagawa mafungu mawili: vielezi nafundisha Jumatatu, vihusishi nafundisha Jumatano, na Jumanne katikati ili wasionane, kama mume na mke waliogombana. Mafungu yote mawili yalitoka kwenye orodha moja, kila neno na namba yake. Mwanafunzi akisahau namba thelathini na mbili anachapwa. Ndiyo, nilichapa. Sitajificha nyuma ya kusema zama zile wote walichapa.

Kazi ya kuandika ubaoni sikuifanya mimi. Mnajua utaratibu wetu, bado mnao mpaka leo. Mwalimu anatoa daftari la notisi, kiranja mwenye mwandiko mzuri analinakili ubaoni, darasa zima linanakili kutoka ubaoni, mwalimu yuko ofisini anakunywa chai. Kiranja akimaliza anafuta, anaendelea. Mwisho wa mwaka kila mtoto ana notisi zilezile neno kwa neno, na anayekwenda chuo cha ualimu anakwenda nazo. Huo ndio urithi wetu. Wengine hurithishana ng'ombe.

Mzee Lutema hakuwa na notisi. Ujanani aliwabebea vyombo wapima ardhi waliokuwa wakitafuta dhahabu porini, Kiingereza chake alikiokota huko. Alikuwa na jembe moja ambalo shule nzima iliazima, na kila aliyeliulizia aliambiwa liko nyuma ya mlango. Ndipo nikalitia kwenye mifano yangu. Nilidhani ninamtania.

Siku moja alikuja mzungu mmoja kwa pikipiki, anatafuta kisima kilichokuwa kikichimbwa upande wa pili wa misheni. Mwalimu wa Kiingereza ni mimi, basi nikaitwa. Nikamwelekeza kwa sentensi safi kabisa. Kisima kipo karibu na zahanati. Utakwenda. Utapinda. Utaona kanisa. Kila sentensi ukiisahihisha unaipa alama zote. Yule mzungu akashukuru, akaondoka, baada ya muda akarudi na kinyesi cha ng'ombe kwenye viatu. Alikuwa ametokea kwenye zizi la watu.

Mzee Lutema akasogea, akanyoosha mkono, akamwambia, "Back down to road. Over past church. Straight on up to big rock. Well is just down behind." Mzungu hakuuliza mara mbili. Alifika, na jioni alipita kumshukuru mzee, mimi akanipungia tu.

Mnajua nilifanya nini? Nilikwenda ofisini nikawachekesha walimu wenzangu kwamba Lutema hajui kuweka "the". Tulicheka mpaka chai ikatupalia. Mtu aliyemfikisha mgeni anachekwa na mtu aliyempeleka zizini.

Sasa sikilizeni alichokuwa nacho yule mzee, maana nilihitaji miaka mingi kukiona. Waingereza katika maongezi yao ya kila siku hawayatumii maneno hayo madogo moja moja. Wanayaunga mawili, matatu. Mtu amerudi kutoka sokoni, ni "back from the market". Yuko chini ndani ya shimo, ni "down in the pit". Mtoto amejificha uvunguni unamwambia "come out from under there", maneno manne yamefuatana na hakuna aliyekufa. La kwanza hufanya kazi ya mkono unaoonyesha upande: juu, chini, kule, nje, nyuma. La pili hufunga huo upande kwenye kitu chenyewe. Ukitoa la kwanza msikilizaji hajui ageukie wapi, ukitoa la pili amegeuka lakini hajui aishie wapi.

Na kinachonikera zaidi ni kwamba mtoto wetu anayajua haya kabla hajavaa viatu. Mwulize mtoto yeyote wa Masumbwe kopo liko wapi. Atakwambia liko pale juu ya kabati, au mle ndani ya debe, au kule nyuma ya nyumba. Pale, mle, kule: huo ni mkono. Juu ya, ndani ya, nyuma ya: hiyo ni kamba ya kufungia. Hakuna mwalimu aliyemfundisha. Kisha anakuja shuleni akiwa ameshaviunga, sisi tunamfungulia, tunampa nusu Jumatatu na nusu Jumatano, halafu tunamwita mzito.

Kuna na jambo jingine. Vitenzi vyetu hubeba mwelekeo tumboni. Ukisema ametoka, ameingia, ameshuka, amepanda, umemaliza. Mwingereza mara nyingi huutoa mwelekeo nje ya kitenzi, akauweka hadharani baada yake: anakwenda juu, anakuja nje, anapita ng'ambo. Ndiyo maana mwanafunzi wetu husema mtu ameingia ndani katika nyumba kwa Kiingereza kizito cha vitenzi vikubwa, wakati mwenye lugha angesema "gone in" akaendelea na safari. Nilisahihisha kosa hilo kwenye maelfu ya madaftari bila kumwambia hata mmoja linatoka wapi. Nilikuwa na wino mwekundu wa kutosha.

Aliyenifungua macho ni Kulwa.

Nilimfundisha Masumbwe nilipohamia. Kulwa ni jina la pacha wa kwanza, kila kijiji huku kina akina Kulwa wake, lakini huyu wangu nilimpenda waziwazi. Alikuwa kiranja wa darasa, ndiye aliyenakili notisi zangu ubaoni. Mama yake alikuwa akiponda mawe ya dhahabu kwa nyundo huko machimboni, anarudi kaya, yaani nyumbani, amejaa vumbi jeupe mpaka kope. Kulwa aliniambia wazi kwamba anasoma ili ile nyundo iwekwe chini. Mtihani wa Kiingereza alipata alama ambazo mkuu wa shule alizisoma mstarini mara mbili.

Akaitwa kwenye usaili Geita, kwa mkandarasi mmoja aliyetaka mtu wa kukaa kwenye redio ya mkononi na kuwaelekeza madereva wa magari makubwa kwa Kiingereza. Nilimpigia pasi blauzi mwenyewe. Nikamwambia aende akawaonyeshe.

Alirudi siku ya tatu. Akanisalimu shikamoo, nikaitika, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akanieleza taratibu. Msimamizi aliwakalisha wawili wawili, kila mmoja upande wake wa ukuta, kila mmoja na redio. Mbele ya Kulwa kulikuwa na meza yenye kofia ngumu, ndoo, kamba na spana, vimepangwa hivi na hivi. Kazi yake ilikuwa kumweleza mwenzake, aliyekuwa na vitu vile vile, avipange vivyo hivyo bila kuviona vya Kulwa. Kofia ilikuwa kule mwisho wa meza, imeegemezwa ukutani. Kamba ilitokea chini ya ndoo ikashuka upande wa pili. Kulwa akashika redio, akasema kofia iko juu ya meza. Mwenzake akauliza, juu ya meza wapi? Akarudia, kofia iko juu ya meza. Kila kitu kilikuwa juu ya meza. Kazi akapewa huyo mwenzake, ambaye hakufika hata kidato cha nne, Kiingereza alikiokota akiuza vocha kwenye kambi za wageni.

Nikafungua mdomo nimpe pole. Kulwa akanitangulia.

"Madam, maneno yote nilikuwa nayo. Hamsini na manne. Sikujua kama yanatembea pamoja."

Hakulia wala hakunilaumu. Angenilaumu ningepona haraka. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee wamesema, na kilichomla mtoto yule kilikuwa ndani ya daftari langu lenye gamba la bluu. Nililitoa sandukuni, nikalipeleka jikoni, nikalisukuma chini ya sufuria ya maharage yeye akiwa amesimama pale. Nikamwambia, "Mwanangu, hakuna mtoto mwingine atakayeinakili hii." Kulwa akatazama moto mpaka gamba likajikunja. Kisha akaaga, akarudi kwa mama yake, na nyundo ikaendelea kugonga.

Sikumwona tena. Nilisikia baadaye kwamba amekwenda chuo, chuo gani sikuambiwa.

Toka siku ile nilibadilisha ufundishaji. Nilileta darasani ndoo, kamba, kigoda na jembe. Mmoja anapanga, mwingine amempa mgongo, anaelekezwa kwa maneno tu. Siku nyingine nikawapeleka darasa zima nje ya uzio wa machimbo wakamtazame mtu wa winchi, yule anayewashusha na kuwapandisha wachimbaji kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia. Hamwoni aliye chini, na aliye chini hamwoni yeye, kati yao kuna kamba na maneno tu. Nikawaambia, sasa semeni kwa Kiingereza kile anachokisema. Walitoa jasho. Lakini mwezi wa pili walikuwa wakibishana kwenye foleni ya maji, huyu anasema "down by", yule anasema "down behind", na kila mmoja anaonyesha kwa kidole. Nikajua wamepata.

Mkuu wa shule naye akapata habari. Akaniandikia barua ya onyo, kuwatoa wanafunzi darasani bila kibali na kuchelewesha mada. Akaniuliza mbele ya walimu kama nimestaafu kabla ya wakati nikawa mchimbaji. Ukutani nyuma yake kulikuwa na kibao kikubwa kinachosema eneo hili ni la kuzungumza Kiingereza tu. Maneno yake yote aliyasema kwa Kiswahili, na alipokasirika sawasawa alihamia Kisukuma. Sina ugomvi na Kiswahili wala Kisukuma, nimezinyonya zote. Nina ugomvi na kibao.

Wazazi nao walikuja juu. Mmoja aliniambia mwanawe hana notisi, daftari ni tupu, nimefanya kazi gani? Nikamwita mtoto, nikamwambia amwelekeze baba yake kwa Kiingereza kutoka pale mpaka nyumbani kwao. Mtoto akamwelekeza, kona kwa kona. Baba akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema vizuri sana, lakini notisi ziko wapi?

Basi baada ya kuiona orodha ile kwenye daftari la Shija, nilingoja shule zifunguliwe, nikachukua jembe langu nikapanda gari la Geita. Kondakta akaniuliza, bibi, unakwenda kulima mjini? Nikamwambia ndiyo, kuna magugu.

Njiani nilijiandalia maneno makali. Shija aliniambia mwalimu wao anaitwa Madam Kulwa, nami sikujali, akina Kulwa wako wangapi? Nilipoingia ofisi ya walimu, mwanamke mmoja akainuka, akapiga goti kidogo kwa heshima ya kwetu, akasema shikamoo madam. Alikuwa yeye. Amenenepa, amevaa miwani, na mezani kwake kulikuwa na karatasi ile, imechapwa kwa kompyuta.

Nikaiokota karatasi ile. Nikauliza tu, "Kulwa, si tuliichoma?"

"Madam, ulichoma yako. Ya kwangu nilikuwa nimeshainakili. Na darasa zima walikuwa wameshainakili."

Akanivutia kiti. Akanieleza bila kuinamisha macho. Orodha ile ilimnyima kazi ya redio, ni kweli, lakini alama zilizompeleka chuo zilitokana na orodha hiyo hiyo. Mshahara wa ualimu ndio ulioiweka nyundo ya mama yake chini. Ana watoto zaidi ya mia kwenye chumba kimoja, na karatasi ya mtihani inataka wajaze neno moja kwenye kila nafasi iliyoachwa wazi, haitaki mawili. Wakijaza wanafaulu, naye anaitwa mwalimu mzuri. Wakienda kukwama mbele ya meza yenye kofia na kamba, wanakwama peke yao, hakuna anayekuja kumwuliza mwalimu. Sasa orodha ipo kwenye kundi la simu la walimu wa Kiingereza, akasema, inatumwa kila muhula, na hakuna anayejua imeanzia wapi.

Nilimkasirikia. Kisha nikawakasirikia wanaotunga mitihani, nikamkasirikia mkuu wangu wa zamani na kibao chake, na nilipowamaliza wote nikabaki mwenyewe kwenye kiti, na jembe magotini. Alichokisema kilikuwa kweli, na bado kilikuwa kibaya.

Nikamwomba dakika tano za kipindi chake.

Tuliingia, watoto wakasimama, wakanisalimu kwa sauti moja. Shija nilimwona safu ya tatu. Niliweka jembe juu ya meza ya mwalimu, mbele yao wote, mpini huku na bamba kule. Nikauliza kwa Kiingereza, jembe liko wapi?

Zaidi ya watoto mia, kwa pamoja, kwa furaha ya kujua jibu, wakaitika:

"The hoe is behind Mzee Lutema's door."

Hakuna aliyecheka. Jembe lile pale, kila jicho linaliona. Shija wangu, aliyelitumia jembe hilo hilo kupalilia mihogo yangu likizoni, aliitika nao huku akinitazama usoni.

Niligeuka kumtazama Kulwa. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Akaja mbele, akafuta ubao kwa kiganja chake, kwanza polepole kisha kwa nguvu, mpaka mkono ukawa mweupe kama kope za mama yake zamani. Akalichukua jembe, akatoka nalo nje. Tukasikia hatua zake zikizunguka ukuta, kisha sauti yake kutoka huko huko nje ikiwauliza kwa Kiingereza, mimi niko wapi?

Hakuna aliyejibu. Swali hilo halikuwemo kwenye notisi. Nilikaza meno nisiwasaidie, na nawaambieni ninyi walimu, kunyamaza pale ni kazi ngumu kuliko kuongea siku nzima. Watoto wakatazamana. Mwishowe Shija akainuka bila ruhusa, akaenda dirishani, akachungulia nje, akatazama chini.

"You are down there," akasema. Mkono wake ukaonyesha wenyewe. "Down there under the window."

Kule nje Kulwa akagonga ukuta kwa mpini wa jembe. Akasema, mwingine ajaribu.

Jembe nililiacha Geita. Kulwa aliniahidi kuiacha orodha, nami nimejifunza kutoamini ahadi za aina hiyo, zikiwemo zangu. Orodha bado iko kwenye simu zenu, na muhula ukianza mtatumiana tena. Sasa mnajua imeanzia wapi. Ukiikuta sentensi ya jembe la Mzee Lutema, hilo ni kosa langu. Ukiinakili ubaoni baada ya kusoma haya, ni lako.